Mwigizaji-Mwalimu Katika Drama ya Watoto: Coventry 1965–1996 na Swali la Afrika Mashariki

Wahakiki wa fasihi wamezoea kumtafuta msanii katika matini. Tamthilia ikiwa na mwandishi, huulizwa alikusudia nini. Ikiwa na mwelekezi, huulizwa aliifasiri vipi. Ipo hata hivyo aina moja ya msanii ambaye uhakiki wa namna hii humpita bila kumwona, kwa kuwa kazi yake haikai katika matini wala haikai kikamilifu jukwaani. Huyu ni msanii aingiaye darasani akiwa amevaa vazi la mhusika, akaigiza mbele ya watoto thelathini, kisha akawageukia na kuwauliza wao wangefanya nini; na jibu lao likawa ndilo tendo linalofuata la mchezo. Huko Uingereza alipewa jina la viungo viwili, mwigizaji-mwalimu, na jina hilo lenyewe limebeba mgogoro wa historia yake. Makala haya yanadhamiria kuifuatilia historia hiyo tangu ilipoanza katika mji wa Coventry mwaka 1965 hadi kikundi cha awali kilipofungwa mwaka 1996, kisha kuitazama kwa jicho la Afrika Mashariki, ambako kazi kama hiyo imefanywa kwa majina mengine na kwa gharama nyingine. Dai linalotetewa ni kwamba suala lililoizaa sanaa hii, na ambalo hatimaye liliidhoofisha, ni suala la mamlaka: ni nani mwenye haki ya kumwuliza mtoto swali ambalo jibu lake halijulikani mapema?

Coventry ulikuwa na sababu zake za kuwa chimbuko. Usiku wa Novemba 14, 1940, ndege za Ujerumani ziliteketeza sehemu kubwa ya kitovu cha mji huo pamoja na kanisa lake kuu la kale. Mji uliojengwa upya baada ya vita ulikuwa mji wa viwanda vya magari na mitambo, mji wa wafanyakazi, na baraza lake liliamini kwamba fedha za umma zaweza kujenga ukumbi wa maonyesho kama zijengavyo shule na hospitali. Ukumbi wa Belgrade ulifunguliwa mwaka 1958. Uliitwa hivyo kwa kuwa mji wa Belgrade, katika iliyokuwa Yugoslavia, ulitoa zawadi ya mbao zilizotumika katika ujenzi wake. Sasa, ukumbi uliojengwa kwa kodi hudaiwa na wote walipao kodi, wakiwemo wale wasiokusudia kabisa kukanyaga mlangoni pake. Deni hilo ndilo lililozua wazo la mwaka 1965. Gordon Vallins, aliyekuwa mmoja wa wafanyakazi wa ukumbi huo, aliongoza jaribio lililoungwa mkono na baraza la mji: kikundi kidogo cha waigizaji kiajiriwe na ukumbi, kazi yake iwe shuleni, na shule zisitozwe chochote.

Sharti hilo la mwisho laweza kudhaniwa kuwa jambo la uhasibu tu. Sivyo. Maonyesho ya watoto yalikuwa yamekuwepo Uingereza kwa muda mrefu kabla ya hapo, lakini kikundi kinachoishi kwa kuuza tiketi hulazimika kutafuta hadhira kubwa kadiri iwezekanavyo. Watoto mia tatu huketi katika ukumbi wa shule, hucheka pamoja, hupiga makofi, huenda zao. Hakuna mwigizaji awezaye kuwauliza watoto mia tatu swali na kulisikiliza jibu. Kikundi cha Coventry, kwa kuwa hakikuwa na tiketi ya kuuza, kiliweza kufanya kile ambacho biashara haikuruhusu, yaani kukaa na darasa moja kwa nusu siku au hata siku nzima, kulirudia baada ya wiki moja, kumwachia mwalimu wa darasa vifaa na mapendekezo ya kazi ya kuendeleza. Kazi hiyo haikuitwa mchezo wala onyesho bali programu, na istilahi hiyo ilishika. Onyesho lilikuwa sehemu moja tu ya programu, na pengine halikuwa sehemu kubwa.

Wazo hilo halikuzuka katika ombwe. Mapema mwaka 1917, Henry Caldwell Cook, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya Perse mjini Cambridge, alichapisha kitabu The Play Way akitetea kwamba wavulana wake walijifunza fasihi kwa kuiigiza kuliko kwa kuisomewa. Mwaka 1954 Peter Slade alitoa Child Drama, kitabu kilichokuwa na taathira kubwa miongoni mwa walimu wa Uingereza. Slade alishikilia kwamba mchezo wa mtoto ni sanaa kamili yenye kaida zake, na kwamba kumpandisha mtoto mdogo jukwaani mbele ya wazazi wanaotabasamu ni kumfunza kujionyesha na kumpokonya sanaa yake mwenyewe. Hoja hii ina ukweli ambao yeyote aliyewahi kuhudhuria sherehe ya kufunga shule ataukiri kimoyomoyo. Hata hivyo Slade alimwachia mtoto uwanja mzima kiasi kwamba msanii mtu mzima hakubaki na la kufanya ila kutazama na kuchochea. Kama mtoto ni msanii tayari, mwigizaji aliyefuzu anamletea nini?

Jibu bora zaidi lilitoka kwa mwanamke ambaye hakuwa mwigizaji wa kulipwa wala, mwanzoni, mwalimu. Dorothy Heathcote, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2011, aliacha shule akiwa na umri wa miaka kumi na minne akaenda kufuma vitambaa kiwandani kaskazini mwa Uingereza. Meneja wa kiwanda alimlipia karo ya kusomea uigizaji, akamwahidi kwamba akishindwa mitambo yake mitatu ya kufumia itakuwa inamngoja. Kisa hicho ndicho kilichoipa jina filamu ya BBC ya mwaka 1971 iliyomtambulisha kwa umma, Three Looms Waiting. Hakurudi kiwandani. Tangu mwaka 1950 alifunza walimu huko Durham na Newcastle, na mchango wake mkuu ulikuwa kumwingiza mtu mzima ndani ya mchezo wa watoto. Mwalimu wa Heathcote hasimami kando akitoa maagizo; huwa mhusika, na aghalabu mhusika asiyejua jambo, anayehitaji msaada, aliyepotea njia, aliyetumwa na bwana mkali. Mtoto aliyezoea kuulizwa maswali na watu wanaoyajua majibu hujikuta ghafla akiulizwa na mtu ambaye kwa hakika hajui, hata kama kutojua kwenyewe ni kwa kuigiza. Katika mbinu yake mashuhuri ya joho la bingwa, watoto hupewa wadhifa wa mabingwa wa jambo fulani, mathalani watunzaji wa makumbusho, na wadhifa huo huwalazimisha kutafuta maarifa wasiyokuwa nayo. Hapa kinyago kinageuzwa: anayevaa ni mwalimu, na anayefaidi uso mpya ni mwanafunzi.

Waigizaji-walimu wa Coventry na wa vikundi vilivyofuata huko Bolton, Leeds, Edinburgh na Greenwich walirithi pande zote mbili za urithi huu. Walikuwa na ufundi wa jukwaa: sauti, mwili, taa ikibidi, maleba. Walikuwa pia na mbinu ya darasani. Ugumu wa kazi ulikuwa katika kiungo. Mwigizaji wa kawaida hujifunza kuifunga nafsi ya mhusika wake isipenywe na hadhira. Akiingiliwa na kelele, huendelea. Mwigizaji-mwalimu hana ruhusa hiyo. Mtoto akisimama katikati ya onyesho akasema kwamba mhusika anadanganya, mwigizaji hana budi kumjibu kama mhusika, papo hapo, kwa namna isiyouvunja mchezo wala kumdhalilisha mtoto. Akimjibu kama mwalimu, mchezo umekufa. Akimpuuza kama mwigizaji, programu imekufa. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kumkumbuka mtambaji wa ngano, ambaye hadhira yake huitikia, humkatiza na hata humsahihisha, naye hulibeba jibu lao akaenda nalo. Tofauti ni kwamba mtambaji anajua ngano itaishia wapi.

Miongoni mwa programu za mwanzo za Coventry ilikuwemo The High Girders, iliyowalenga wanafunzi wa shule za upili na iliyohusu maafa ya daraja la Tay huko Uskoti, lililoporomoka katika dhoruba ya Desemba 28, 1879, treni ikiwa juu yake. Mada ilichaguliwa kwa busara. Ajali ya daraja ina mhandisi, kampuni, wajenzi, hali ya hewa na marehemu, na kila mmoja wao anaweza kutetewa au kulaumiwa. Darasa hugeuka kuwa tume ya uchunguzi bila ya kuambiwa kwamba linafundishwa historia au fizikia. Katika miaka ya 1970 mada zilisogea karibu zaidi na maisha ya watazamaji. Kikundi cha Bolton kilitayarisha Sweetie Pie, iliyoshughulikia nafasi ya mwanamke katika jamii. Huko London, ambako mamlaka ya elimu ya mji ilikuwa na kikundi chake katika ukumbi wa Cockpit, walitazama ufashisti wa miaka ya 1930 katika mitaa ambayo wajukuu wa waliohusika walikuwa bado wakiishi.

Programu inayostahili kusimamiwa kwa kitambo zaidi ni Pow Wow, iliyotayarishwa Coventry mwaka 1973 kwa ajili ya watoto wa takribani miaka sita na saba. Watoto wanakutana na kauboi mchangamfu aitwaye Tex, mwenye maonyesho yake ya kusafiri. Tex anawapenda watoto na watoto wanampenda. Ana kofia, ana bastola, anaongea kama wale wanaowaona katika televisheni. Ndani ya kizimba amemfungia mwenyeji wa asili wa Marekani, Black Elk, ambaye watoto wanaambiwa ni hatari. Tex anapoondoka, aliye kizimbani anazungumza nao, na hadithi anayoisimulia haipatani na ile waliyoambiwa. Kisha Tex anarejea. Hakuna msimulizi wa kuwaokoa watoto kwa kuwaambia yupi mwema. Wamekwisha kuwa marafiki wa wote wawili.

Kwa mtazamo wa fani, nguvu ya kazi hii imo katika mpangilio wa matukio. Kama Black Elk angetangulia, watoto wangemhukumu Tex mara tu angeingia, na programu ingekuwa mahubiri. Kwa kumtanguliza Tex, mtunzi amewafanya watoto kuwa washirika katika kifungo cha mtu kabla hawajajua kwamba ni kifungo. Wanapogundua, hawagundui ubaya wa Tex peke yake. Wanagundua walivyoamini kwa wepesi. Kwa mtazamo wa maudhui, ni vigumu kupata katika drama ya watoto ya wakati huo shambulio kali zaidi dhidi ya taswira ya mshenzi iliyoenezwa na sinema, na msomaji wa Kiafrika hahitaji kufafanuliwa kwamba kizimba hicho kimepata kuwa na wakazi wengine.

Lakini pana swali ambalo sifa hizi haziliondoi. Je, ni haki kumweka mtoto wa miaka sita katika hali kama hiyo? Mtu mzima aendaye kutazama tanzia amelipa kiingilio na anajua kwamba taa zitawashwa. Mtoto wa darasa la kwanza hajachagua kuja; ameletwa na mwalimu wake; na mpaka kati ya mchezo na kweli, ambao programu inautegemea uwe hafifu, ndio huo huo unaopaswa kumlinda. Jibu la watetezi wa sanaa hii lilikuwa kwamba maisha humweka mtoto katika hali hizo kila siku bila maandalizi, na kwamba hapa angalau yupo mwigizaji aliyefunzwa kumsoma uso na mwalimu wa darasa aliye kando yake. Jibu hilo lina uzito, ila ni jibu linaloutegemea kabisa ustadi na dhamiri ya mtu mmoja. Mhakiki aisomaye matini ya Pow Wow hawezi kujua kama asubuhi fulani, katika shule fulani, ilikuwa elimu au ukatili. Matini ni ile ile. Tofauti iko katika namna mwigizaji alivyonyamaza, kwa muda gani, na akimtazama nani.

Ni wazi basi kwa nini kazi hii ilihitaji watu wa kudumu, wenye mishahara, wanaofanya pamoja kwa miaka. Na ni hapo ilipovunjika. Sheria ya Marekebisho ya Elimu ya mwaka 1988, iliyopitishwa chini ya serikali ya Margaret Thatcher, ilifanya mambo mawili ambayo hakuna hata moja lililotaja drama ya watoto kama adui. Kwanza, ilianzisha mtaala wa taifa. Sanaa za uchoraji na muziki zilipewa nafasi zao kama masomo. Drama haikupewa, ikawekwa ndani ya somo la Kiingereza. Pili, ilizihamishia shule zenyewe usimamizi wa sehemu kubwa ya fedha zilizokuwa zikishikwa na mamlaka za elimu za wilaya na miji. Mamlaka ya elimu ya kitovu cha London ilivunjwa kabisa mwaka 1990. Kila mwalimu mkuu sasa alikuwa na bajeti yake na hesabu rahisi mbele yake: waigizaji wanne wa kuhudumia darasa moja kwa siku nzima, au onyesho moja la saa moja kwa shule nzima. Hakuna haja ya kumshutumu aliyechagua la pili. Kikundi cha Coventry kiliendelea hadi mwaka 1996, kikafungwa. Baadhi ya vikundi vingine vilidumu kwa kubadili sura, vikitayarisha maonyesho yanayohusu mada zilizo katika mtaala, na mwigizaji-mwalimu akarudi polepole kuwa mwigizaji anayezuru shule.

Katika miaka ya mabishano ya kisiasa ya 1970 na 1980, vikundi vilishutumiwa mara kwa mara kwamba vinawatia watoto siasa. Shutuma hiyo haikuwa ya uongo mtupu. Wengi wa wasanii hao walikuwa watu wa mrengo wa kushoto na hawakuficha. Hata hivyo hazikuwa shutuma zilizowamaliza. Waliouawa na ukimya wa kitabu cha hesabu walikuwa wameyahimili makelele ya magazeti kwa miaka ishirini.

Mwaka ule ule wa 1965, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha kikundi chake cha maonyesho ya kusafiri, ambacho kilipeleka michezo ya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, hadi katika viwanja vya vijiji na shule, bila kiingilio. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifuata mwaka 1974. Hadhira ya vikundi hivi ilikuwa ya rika zote, na mtazamaji alibaki kuwa mtazamaji, lakini kanuni ya kutotoza ilikuwa moja. Shuleni, kwa upande mwingine, Kenya ilirithi mashindano. Tamasha ya drama ya shule, iliyoanza enzi za ukoloni chini ya Waingereza na baadaye ikashikwa na Waafrika na kugeuzwa lugha, mada na fani, imewalea waigizaji na waandishi wengi kuliko taasisi nyingine yoyote nchini. Ubora wake hauna shaka. Lakini muundo wa mashindano humtaka mwelekezi alete kilichokamilika. Mtoto hujifunza kutamka, kusimama, kuimba kwa pamoja; swali limekwisha kujibiwa kabla hajapanda jukwaani, na aliyelijibu ni mtu mzima.

Kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wasanii-walimu walianza kutoka upande wa pili. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na kuongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, ulikwenda katika shule za sekondari kuwaendea wasichana. Mlama, ambaye wasomaji wa tamthilia za Kiswahili wanamjua kwa jina la Penina Muhando, alikuwa amekwisha kuandika Hatia, Nguzo Mama na Lina Ubani. Yaani alikuwa na uwezo wote wa kuwaandikia wasichana hao mchezo mzuri. Hakuwaandikia. Utaratibu wa Tuseme uliwataka wasichana wenyewe watambue yanayowakwamisha shuleni, wayachanganue, ndipo wayatungie igizo na kulionyesha mbele ya walimu na jamii wanaohusika na matatizo hayo. Mradi huo baadaye ulienezwa katika nchi nyingine za Afrika na FAWE, shirika la wanawake waelimishaji lenye makao Nairobi. Hapa msanii amejinyima kazi yake anayoijua vizuri zaidi, na kujinyima huko ndiko kunakohitaji ufundi.

Hatari ya kumwachia mtoto usemi, na hatari ya kumkopesha usemi, zilidhihirika nchini Kenya kupitia shule moja. Mwaka 2013 Shackles of Doom, mchezo uliotungwa na Cleophas Malala kwa ajili ya Shule ya Wasichana ya Butere, ulizuiwa kuonyeshwa katika tamasha ya kitaifa mpaka Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Mwaka 2025 historia ilijirudia kwa Echoes of War, wa mtunzi yule yule na shule ile ile. Mahakama iliagiza wasichana waruhusiwe. Mtunzi, aliyekwisha kuwa seneta na kuondoka, alikamatwa. Na Aprili 10, mjini Nakuru, mabomu ya machozi yakirushwa nje, wasichana walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila ya kuigiza. Waliounga mkono serikali walisema watoto wametumiwa na mwanasiasa. Waliopinga walisema serikali inaogopa watoto. Pande zote mbili zilibishana juu ya matini na mtunzi. Ni wachache waliouliza kuhusu tendo la wasichana wenyewe, ambalo halikuandikwa na mtunzi yeyote, halikuelekezwa na mtu aliyekuwepo, na ambalo kwa vigezo vya Heathcote ndilo lililokuwa drama ya siku hiyo.

Uhakiki una tatizo la ushahidi hapa. Mwaka 1980 Pam Schweitzer alihariri majuzuu ya programu za Uingereza, Pow Wow ikiwemo, na bila kazi hiyo sehemu kubwa ya sanaa hiyo ingekuwa imetoweka. Hata hivyo majuzuu hayo yanahifadhi maneno ya waigizaji. Maneno ya watoto, yaliyokuwa nusu ya mchezo, yanaonekana kama pengo ambalo msomaji hulijaza kwa kukisia. Maigizo ya wasichana wa Tuseme yalitungwa kwa Kiswahili, katika mamia ya mikutano ya baada ya vipindi, na mengi yalionyeshwa mara moja au mbili tu. Waliokuwa na umri wa miaka kumi na sita wakati huo wamo katika miaka ya arobaini leo. Wengi wao bado wanaweza kuulizwa.